Koti la Profesa

Mtu yeyote aliyewahi kumtazama Arsène Wenger, kocha wa zamani wa Arsenal, klabu ya soka ya London, akisimama kando ya uwanja wakati wa baridi anavifahamu vita alivyokuwa akipigana na zipu ya koti lake refu, lile lililovimba kama godoro. Arsenal iwe inaongoza au inachapwa, yeye ameinama, anaiunganisha zipu, inakataa, anaiunganisha tena. Sisi mashabiki wake wa Busia, upande wa Uganda, tulimcheka kwa zipu hiyo miaka nenda miaka rudi, na ninakiri kwamba katika banda letu la video hakuna aliyemwigiza vizuri kuliko mimi.

Kwa hiyo ilipotangazwa Aprili 2018 kwamba Profesa, kama tulivyomwita Wenger, anang'atuka baada ya miaka 22, na kwamba atawaaga watu wake nyumbani Jumapili ya tarehe 6 Mei katika mechi dhidi ya Burnley, wazee wa banda walinikabidhi kazi tatu: kusoma hotuba, maana mimi ni mwalimu wa Kiswahili, kuifuata keki tuliyoagiza kwa mama mmoja upande wa Kenya, na kuvaa kama Wenger. Koti nililipata kwenye mitumba kwa shilingi 35,000. Lilikuwa jeusi, limejazwa manyoya ya bata, linafika chini ya magoti. Kwa hakika lilishonewa mtu anayeishi kwenye theluji. Nilimweleza muuzaji kwamba nataka lifanane na la Wenger kabisa, naye akaniapia kwamba nisingepata linalolikaribia zaidi.

Jumapili alasiri nilitia hotuba na kitambulisho changu katika mfuko wa ndani, nikasimama mbele ya kioo na kupandisha zipu. Ilipanda kwa utiifu mpaka chini ya kidevu, ikaing'ata kola ya jezi, ikatulia hapo. Mke wangu alijaribu sabuni, akajaribu nta ya mshumaa, mwishowe akaleta koleo, na kilichotoka ni kile kishikio cha zipu peke yake.

"Baba watoto," aliniuliza huku amekishika kama jino lililong'olewa, "nilete mkasi?"

Nilikataa, kwa sababu ya zile 35,000, na kwa sababu saa zilikuwa zimekwenda. Nikaenda kuchukua keki nikiwa ndani ya koti, katika jua la Busia, jasho likinitiririka mpaka kwenye soksi. Wakati wa kurudi nilipita njia ya mkato nyuma ya nyumba, ambayo wenyeji wote huipita na ambayo serikali huiita njia ya panya. Hapo ndipo niliposikia sauti.

"Mzee, simama! Umebeba nini?"

"Keki, afande."

"Siulizi ya mkononi. Nauliza ya tumboni."

Nilijitazama kwa macho yake, nikaelewa. Katika mji ambao watu wamewahi kuvusha kila kitu, kuanzia sukari hadi vitenge, mtu anayetembea Mei amevimba pande zote na analoa jasho hahitaji kushtakiwa na mwingine. Aliniamuru nifungue koti, nikamjibu kwamba halifunguki. Akataka kitambulisho, nikamjibu kwamba kimo ndani ya koti.

"Afande, nisikilize," nilisema. "Hili ni koti la Wenger."

"Kumbe mzigo si wako. Huyo Wenga yuko wapi?"

"Yuko London, lakini leo anaondoka."

"Anaondoka kupitia mpaka upi?"

"Hapiti mpaka wowote. Amefanya kazi hii miaka 22, sisi tunamuaga tu."

"Miaka 22, na hajakamatwa?"

Mungu anisamehe, ulimi wa shabiki hauna breki. "Alicheza michezo 49 ya ligi bila kukamatwa, afande," nilijibu. "Waliokuja kumkamata ni Manchester, Oktoba 2004."

Akamwita mwenzake. Mwenzake alikuja na bambo, kile chuma cha kuchungulia nafaka ndani ya gunia, akaudunga mkono wa koti kwa utaratibu kama anayepima mahindi. Alipokichomoa, kilitoka na kijinyoya kimoja cheupe kwenye ncha. Wote watatu tulikitazama. Kisha upepo ukapita, likafuata wingu zima la manyoya, mengine yakatua kwenye masharubu ya afande, na mengine yakajipenyeza ndani ya boksi la keki. Waliniachilia bila neno, ila yule wa kwanza aliuliza tena, safari hii kwa upole, Wenga ni nani hasa. Sikuona haja ya kumcheka: hata London waliuliza hivyo hivyo mwaka 1996 alipowafikia kutoka Japani.

Niliingia bandani wakati wa mapumziko, Arsenal ikiongoza 2–0, manyoya yakinifuata kama kuku aliyenusurika. Kicheko nilichopokelewa nacho sitakieleza. Mechi iliisha 5–0, nikasimamishwa juu ya benchi, na hotuba yangu ya kurasa tatu ikiwa mfukoni mwa ndani nisikoweza kuifikia, nikalazimika kusema ya kichwani. Nilitaja makombe matatu ya ligi na saba ya FA. Nilitaja msimu wa 2003–04 usiokuwa na kipigo, ushindi 26 na sare 12. Haji mmoja, mkubwa wetu, akanikatiza ili asimulie Kanu alivyoitoboa Chelsea mara tatu katika dakika za mwisho, Oktoba 1999, kutoka 2–0 hadi 2–3, na akamaliza kwa kusema kwamba yeye hakuipenda Arsenal, alimpenda mtu aliyewaamini watoto wetu wa Afrika, Kanu, Lauren na Kolo Touré. Watu wakanyamaza kidogo. Ndipo mwenye banda aliponiuliza, mbele ya wote, kama si mimi niliyeandika WENGER AONDOKE kwenye ubao wa mechi baada ya ile 8–2 tuliyochapwa na Manchester United kwao Old Trafford.

Ni mimi. Na mwandiko wangu, kwa bahati mbaya, unajulikana na nusu ya mji.

Kwenye runinga Profesa alikuwa ameshika kipaza sauti, na neno lake la kwanza lilikuwa la kumtakia afya Alex Ferguson, hasimu wake wa miaka yote, aliyekuwa ametoka kufanyiwa upasuaji. Hata wale wa Manchester waliokuja kutucheka walivua kofia. Wakati huohuo vijana wanne walikuwa wamenishika mikono juu, wanalivuta koti kupitia kichwani, na lilipotoka lilitoka na jezi yake, kwa hiyo Profesa alipoonekana na zawadi yake, kombe la dhahabu la ule msimu usiokuwa na kipigo, mimi nilikuwa kifua wazi juu ya benchi, nimejaa manyoya, ninampigia makofi.

Jumatatu nililirudisha koti sokoni nikiwa na hasira zangu zote. Muuzaji aliigeuza ile zipu, akaitazama kwa makini, akanirudishia.

"Mwalimu," alisema, "si uliniambia lifanane na la Wenger kabisa?"