Mwenye laptopu naye anapiga laivu

Kila Februari, tamasha la muziki la Zanzibar, Sauti za Busara, linapokaribia, mabishano hurudi palepale: kijana anayepanda jukwaani na laptopu na maiki mbili, je, anapiga muziki au anaufungulia tu? Tamasha hilo, lililoanza 2004, limejijengea jina kwa kushikilia muziki unaopigwa laivu, na wanaolitetea sharti hilo wana hoja. Pleibeki imewachosha watu. Msanii anashusha maiki apungie mashabiki, na sauti yake inaendelea kuimba kwenye spika kama kawaida. Hata kwenye majukwaa makubwa ya ng'ambo mambo ni hayohayo: Mkanada Joel Zimmerman, anayejulikana kwa jina la deadmau5, aliandika 2012 bila kuona haya kwamba yeye na wenzake wengi jukwaani wanabonyeza kitufe cha kuanzisha, basi. Kule taa na video mara nyingi hupangwa mapema ziende sambamba na muziki, kwa hiyo anayeurefusha wimbo kwa sekunde kumi anaziacha taa zitangulie peke yao.

Liko pia suala la riziki, nalo si dogo. Kundi kubwa la taarabu hupanda na watu zaidi ya ishirini, na kila mmoja anataka nauli na posho. Mwenye hoteli akimpata mtu mmoja na laptopu yake, hesabu imekwisha.

Haya yote kweli. Ila rungu hilohilo likishushiwa singeli, muziki wa dijei na MC wake, linampiga asiyehusika.

Kipimo cha laivu tunacho hapahapa Unguja tangu zamani, nacho ni kidumbaki, ngoma ya harusini. Fidla moja, sanduku la kamba moja la kutolea besi, ngoma ndogo mbili ziitwazo vidumbaki, cherewa za kutikisa na mkwasa wa kugonga. Harusini wapigaji hawasimami baada ya kila wimbo; wanaziunga nyimbo, nyingi zikiwa zimetoka kwenye taarabu, na ngoma haikatiki. Uwanja ukianza kupoa, mwenye fidla anaingia wimbo mwengine humohumo ndani ya mdundo. Wimbo si wake na hakuna anayemdai. Anachopimwa nacho ni kama anauona uwanja, na kama wanaocheza wana uwezo wa kumgeuza njia.

Sasa mtazame dijei wa singeli. Muziki huu umezaliwa uswahilini Dar es Salaam, kwenye vigodoro, yaani sherehe za mtaani za kukesha, ukaokota mdundo wa mchiriku, muziki wa mtaani uliotangulia, na vipande vya kinanda vya taarabu ya kisasa vikazungushwa mbiombio. Chukua kipande cha mapigo 120 kwa dakika, ukikimbize hadi 180 bila kufunga toni: kinanda kinapanda nusu toni 7, na huo mlio mwembamba unaolia juu ya ngoma ndio unaotakiwa. Ukifunga toni ili sauti ibaki pale pale, programu inalazimika kukatakata sauti na kuiunganisha upya, na kwa mkimbizo mkubwa namna hiyo kinanda kinakwaruza. Kuchagua lipi kati ya hayo, kwa kipande kipi, ni kazi ya sikio.

Kazi kubwa zaidi ni ya jicho. Kwa mapigo 200 kwa dakika, mapigo 32, ambayo ndiyo fungu la kawaida la kubadilishia, hupita kwa sekunde 9.6. Ndani ya muda huo dijei aone kwamba watu wamepoa, achague kipande, akisikilize kwenye hedifoni, akipange na kinachopiga, amuashirie MC, kisha aingize. Akichelewa sekunde mbili, fungu limempita. Itambidi asubiri sekunde 9.6 nyengine, na hapo wa nyuma wameshakwenda kununua urojo. Mpiga taarabu wa mapigo 100 ana muda maradufu kwa fungu hilohilo, na ana wenzake wa kumkonyeza. Sijui kwa nini anayefanya uamuzi wa namna hii mara nyingi ndani ya saa moja, hadharani, aambiwe kabonyeza kitufe.

Na anasoma nini hasa? Anasoma viuno na miguu. Ni vigumu mwili mzima kuhimili mapigo 200 kwa muda mrefu, kwa hiyo wachezaji hujigawa: kiuno kinakwenda kwa 100, miguu na mabega yanashika 200. Miguu ikitulia na viuno vikaendelea, watu wanapumzika lakini bado wamo. Hapo unatoa ngoma kubwa, unamwachia MC maneno. Viuno vikisimama na simu zikatoka, umewapoteza. Anayebadilisha wimbo kwenye hali ya kwanza anaharibu, na asiyebadilisha kwenye ya pili anaharibu vilevile.

Basi sharti la laivu libaki, ila liulize vitu vyenye maana. Sauti ya muimbaji isiwemo kwenye faili. Ngoma, besi, kinanda na vionjo vyengine viwe kwenye njia za sauti zilizotengana, angalau nne, ili kila kimoja kiweze kutolewa na kurudishwa. Taa zimfuate mpigaji, asizifuate yeye. Anayegonga vipande kwa vidole aiangalie bafa, yaani akiba ya sauti ambayo laptopu huijaza kabla ya kuitoa: kwa sampuli 512 kila kidole kinachelewa milisekunde 12 hivi, kwa 128 zinabaki 3, lakini laptopu dhaifu huanza kukatakata, na kwenye joto letu hata nzuri inaweza kugoma. Laptopu ya pili iwe imewashwa tayari. Hapa wa kidumbaki wanatushinda bila ubishi: umeme ukikatika wao hawana habari.

Na waandaaji waondoe viti mbele ya jukwaa. Wakipangwa wageni waalikwa kwenye safu za mbele, dijei anatazama watu wasiocheza, huku wachezaji wenyewe wako mita 25 nyuma, gizani, taa zikimpiga yeye machoni. Kwa joto la Unguja sauti hutumia takriban milisekunde 70 kufika huko. Kwenye wimbo wa mapigo 100 hilo si kitu, lakini kwa mapigo 200 hiyo ni karibu robo ya pigo zima, na ukuta wa mawe ukiirudisha sauti tena, mdundo unajigonga wenyewe. Spika za nyongeza katikati ya uwanja, zilizocheleweshwa kwenye mikisa kulingana na umbali wake, zinapunguza tatizo la sauti. La viti linamalizwa na vijana wanne wa kubeba, kabla milango haijafunguliwa.