Ulimwona uso wake?

Ukikaa kwenye sherehe bila kunywa, kuna tukio utaliona zaidi ya mara moja. Jamaa aliyeshalewa kamsogelea dada mmoja, anampigia hadithi, mkono begani. Dada anarudi nyuma nusu hatua. Midomo inatabasamu, ila nyusi zimepanda na macho yamemtoka. Sisi wa pembeni tumeshamwelewa. Jamaa naye anaisogea ile nusu hatua. Kesho yake ukimuuliza ataapa kwamba yule dada alikuwa anafurahia maongezi, na wala hatakuwa anakudanganya.

Watu husema pombe humpa mtu ujasiri. Siafiki. Mwaka 2008 watafiti nchini Marekani walichapisha jaribio la wanywaji wa kawaida 12 waliotiliwa kileo kwenye mshipa huku mashine ikipiga picha za ubongo wao. Wakaonyeshwa nyuso zenye hofu na nyuso zisizo na hisia yoyote. Kwa kawaida amigdala, kile kisehemu cha ndani ya ubongo chenye umbo la lozi, hushtukia zaidi uso wenye hofu. Kileo kilipoingia, tofauti ile ikafutika. Mtu aliyeogopa na mtu aliyetulia wakawa kitu kimoja. Huo ujasiri uko wapi hapo?

Ekstasi, kile kidonge cha kulevya, ndiyo inayonishangaza zaidi, maana watumiaji wake husema inawafungua wawaelewe wenzao. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2010, waliomeza dozi kubwa walijieleza kuwa wamejaa upendo na urafiki, lakini walipoonyeshwa nyuso zenye hofu wakazidi kukosea. Jaribio jingine la mwaka uliotangulia lilionyesha kuwa amigdala hupoa mbele ya uso wenye hasira, huku sehemu ya ubongo inayohusika na raha ikichangamkia uso wenye furaha. LSD, dawa nyingine ya kulevya, nayo huvuruga utambuzi wa nyuso zenye huzuni na hofu. Kwa hiyo mtu anayekwambia "nawapenda wote humu ndani" huenda anasema kweli tupu, na bado asijue kwamba aliye mbele yake anatafuta mlango.

Najua mtaniambia kwamba picha iliyoganda kwenye skrini si mtu. Mtu ana sauti, ana mikono, ana historia na wewe. Ni kweli, na ndiyo maana sitaki kuzibebesha mashine hizo mzigo usio wao. Ila ile nusu hatua nimeiona kwa macho yangu.

Sasa geuza upande. Kupoa huku mbele ya nyuso kunakomharibia mlevi kunaweza kumfaa mgonjwa wa sonona, ambaye mara nyingi huona huzuni hata kwenye uso ambao haujasema kitu. Pale Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, mtafiti Catherine Harmer na wenzake waliwapa watu wenye afya dawa ya sonona iitwayo citalopram kwa siku 7, kisha wakawaonyesha nyuso zilizochanganywa kwa kompyuta, hofu ikiongezwa asilimia 10 kwa 10. Uwezo wao wa kuinasa hofu ukapungua, ilhali hali yao ya moyo haikuwa imebadilika. Hoja ya Harmer ni kwamba dawa haikumwagii furaha kichwani. Inabadili kwanza unachookota kwenye nyuso za watu, halafu wiki zinapita, unasalimiwa, unachekewa, unajibu, na moyo unafuata taratibu. Sijasikia maelezo ya dawa yanayoniingia akilini kama haya.

Ndiyo maana lile swali la kliniki, "unajisikiaje?", naliona fupi mno. Mlevi ukimuuliza hivyo atakujibu "safi kabisa". Mgonjwa wa wiki ya kwanza atakujibu "bado", aende zake akiamini dawa haifanyi kazi. Ningekuwa daktari ningevuta kiti nimuulize: siku hizi watu wa nyumbani kwako wanakutazamaje?