Japo Sipati

Kigari changu kilipotoka Japani kilikuja na kila kitu isipokuwa stesheni. Redio ilikuwepo, inawaka vizuri tu, ila masafa yake yanaanzia 76 yanaishia 90, maana kwao enzi hizo FM ilikuwa huko. Sisi huku ni 87.5 mpaka 108. Nilichobakiwa nacho ni kale kapande ka kati, na ndani yake hakuna mtu.

Fundi mmoja wa Ngamiani, hapa Tanga, akanifungia ekspanda, kijidude kinachokaa kati ya waya wa antena na redio. Yangu inapunguza 20, kwa hiyo stesheni iliyoko 100 unaitafuta 80. Hesabu nikaizoea. Nilichoshindwa kuzoea ni ile chaaaa. Kila stesheni, chaaaa, utadhani kuna mtu anakaanga mihogo nyuma ya dashibodi.

"Mgosi, antena hiyo," fundi akasema. Kweli, fimbo ilikuwa imevunjika, kimebaki kisiki kama kidole gumba, na chini yake kutu tupu kwa chumvi ya bahari. Akanieleza kwamba kitako cha antena lazima kiguse bati la gari sawasawa, na kwamba kwa FM fimbo inataka kama sentimita 75, robo ya wimbi. Kisha akataja bei ya antena mpya. Nikamshukuru nikaenda zangu nyumbani, maana nyumbani kuna henga.

Nilichukua henga ya waya, ile ya kutundikia mashati. Nikainyoosha kwa koleo, nikaipima kwa futi ya cherehani ya mke wangu, nikakwangua rangi kwa msasa mpaka ikang'aa. Kutu ya chini nikaipiga msasa pia. Nikaifunga kwenye kisiki kwa tepu nyeusi. Kule juu kwenye ndoano sikukata. Jamaa mmoja wa kijiweni alisema ndoano ndiyo inayodaka mawimbi, nami siku hiyo nilikuwa tayari kumwamini yeyote asiyenidai hela.

Jioni Coastal Union walikuwa wanacheza ugenini. Nikaamua niende Raskazone, pale kweupe baharini, nisikilize kwa raha zangu. Nikapita uchochoroni, macho kwenye redio, mkono kwenye kitufe. Juu kulikuwa na kamba ya nguo. Sikuiona. Nilisikia kitu kama "tap!" nikadhani ni embe.

Kutoka hapo mji mzima ukawa na furaha. Wazee wa bao wakasimama. Bodaboda wananipigia honi. Watu wa Tanga kwa ukarimu hawajambo, nami nikapunga mkono kulia na kushoto kama mbunge. Nilipofika njia panda nikawasha indiketa, vijana wakapiga kelele: "Usikate, mgosi! Usikate!" Nikajua mbele kuna trafiki. Nikazima indiketa, nikanyoosha, nikazunguka mji karibu wote, huku redio ikikaanga mihogo yake.

Raskazone nikaegesha. Nilikuwa nimeshaanza kudaka Kiswahili cha Mombasa kwa mbali pale bodaboda iliposimama ubavuni. Nyuma yake mama mmoja wa makamo, kajitanda kanga moja.

"Shikamoo mama."

Marahaba haikuja. Alinyoosha kidole juu ya gari. Nikashuka. Kwenye ndoano yangu ilining'inia kanga ya pili ya doti yake, mbichi bado, imetandazwa na upepo wa bahari, na jina linasomeka kutoka mbali: JAPO SIPATI TAMAA SIKATI.

"Umeitembeza mji mzima," akasema. "Watu wananipigia simu kuniuliza kanga yangu inamtaka nani."

Nikaomba radhi mpaka maneno yakaniishia. Nikamlipa bodaboda wake, nikamwambia mama nitamrudisha mwenyewe hadi mlangoni. Akaingia, akaikunja kanga mapajani, akatoa simu. "Hizo simu zenyewe zimemaliza chaji." Akachomoa chaja yangu, ile niliyoinunua kwa machinga, ili achomeke ya kwake.

Redio ikanyamaza chaaaa. Ghafla. Mtangazaji akawa kama amekaa kiti cha nyuma: "...anaingia ndani ya kumi na nane, anampiga chenga mmoja..."

Kumbe miezi yote ile ni chaja! Si antena, si kutu, si bati.

Mama akachomeka yake. Chaaaa.

"Mama, samahani, naomba dakika mbili tu..."

Alinitazama. Akaitazama kanga. Sikuendelea.

Mihogo ikakaangwa kutoka Raskazone mpaka mlangoni kwake. Akachomoa chaja, akaitia kwenye pochi, akashuka na kanga yake. Redio ikatakata kama kioo: "...na kwa matokeo hayo, tunarudi studio." Likafuata tangazo la sabuni ya kufulia. Nikalisikia lote, neno kwa neno.