Ukitaka kujifunza glaida Dar, upe ufukwe kisogo

Mtu wa Dar akipata glaida ya rimoti, ndege ndogo inayoelea kwa mabawa na kutumia mota kupanda tu, kwa mara ya kwanza, wazo la kwanza ni lilelile: Jumamosi, saa kumi alasiri, ufukweni. Pana uwazi, pana upepo, watoto watashangilia. Kwa maoni yangu hapo ndipo mahali pabaya kuliko pote mjini pa kuanzia, na saa hiyo ni mbaya kuliko zote.

Piga hesabu kidogo. Glaida ya kujifunzia yenye mabawa ya mita 2, ncha hadi ncha, huelea kwa mwendo wa kama mita 8 kwa sekunde. Upepo wa bahari ukivuma mita 5, ndege inayoelekea majini itasogea mita 3 tu kwa sekunde machoni pako, utadhani imeganda. Igeuze iupe upepo mgongo, mara inapita kichwani kwa mita 13. Mgeni anaona inamkimbia, anavuta stiki, kile kijiti cha rimoti, nyuma ili aipunguze kasi. Hapo ndipo inapoharibika. Kwenye hewa yenyewe ndege ilikuwa bado na mwendo wake wa mita 8, ndio uliokuwa unaibeba. Ukivuta, pua inainuka, mwendo unakwisha, mabawa yanaacha kubeba na bawa moja linadondoka kwanza. Aliyeangusha husema rimoti imekata. Rimoti za siku hizi za gigahezi 2.4 hazikati hovyo hivyo. Ni kidole.

Halafu kuna kutua. Ndege hutua ikiukabili upepo, kwa hiyo ufukweni alasiri itabidi ije kutoka nchi kavu ikielekea bahari, juu ya minazi ya mita 15. Kukiwa shwari, glaida ya aina hii hushuka mita 1 kwa kila mita 10 inazokwenda mbele, yaani ukishavuka kilele cha mnazi bado una mita 150 mpaka chini. Upepo ule wa mita 5 utazipunguza zifike kama 55. Je, maji yakijaa, mchanga mkavu unabaki mita ngapi? Ukija chini unaacha ndege juu ya mnazi. Ukija juu unaizamisha, na sevo (kijimota kinachosogeza vipande vya mkia) iliyoonja maji ya chumvi haina umri. Hata ukibahatika kutua, mchanga unaingia kwenye mota.

Nenda ndani. Pembezoni mwa jiji bado kuna mashamba na viwanja visivyojengwa: Bunju ya ndani, Kibada, Chanika, ukipenda vuka mpaka hadi Kisarawe. Tafuta eneo la kama mita 150 kwa 100 lisilo na nyaya za umeme, lenye majani ya kufika magotini. Uwanja mmoja wa mpira hautoshi. Kipawa, Vingunguti, Kitunda na Gongo la Mboto sahau kabisa, ndege za abiria ziko juu yako; kambi za jeshi vilevile. Kabla ya yote uliza Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA) kuhusu kibali, kisha mwenye shamba, kisha ofisi ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti akijua mapema, hutapoteza asubuhi nzima ukieleza kwamba hupimi viwanja.

Saa nzuri ni kuanzia kumi na mbili na nusu asubuhi hadi mbili na nusu, kabla upepo wa bahari haujaamka. Wakati wa maleleji, kusi na kaskazi zinapopishana, utapata asubuhi tulivu zaidi, ila angalia mvua. Kusi ikishika kasi, mwanafunzi abaki nyumbani akagundishe.

Kuhusu ndege yenyewe, msimamo wangu hauna nafasi kubwa ya mjadala: mabawa ya mita 2 yaliyopinda kwenda juu kwenye ncha, mota ya umeme puani yenye propela inayojikunja, na mkia wenye usukani (kipande cha kugeuza kulia na kushoto) na elevata (kipande cha kuinua na kushusha pua). Basi. Eleroni, vile vipande vya nyuma ya mabawa vya kuilaza ndege upande, ziache kwanza. Mabawa yaliyopinda hivyo hujisawazisha yenyewe ukiachia stiki, na mwanafunzi anahitaji sana ndege inayosamehe. Radian ya E-flite ni mfano unaojulikana wa umbo hilo. Chagua ya povu gumu la EPO, maana linagundishika kwa supa gluu uwanjani na kuruka tena baada ya dakika 10. Lile povu jeupe la kufungashia friji huyeyushwa na gundi hiyohiyo. Na usiiache kwenye gari lililofungwa juani, mabawa yatapinda.

Ukiagiza nje, tatizo ni betri, si ndege. Betri ya lipo (lithiamu-polima) ya seli 3, volti 11.1 na chaji ya mAh 2200 ina nishati ya Wh 24 hivi, chini sana ya Wh 100 ambazo mashirika ya ndege kwa kawaida huruhusu kwenye begi la mkononi. Anayekuja kutoka safari anaweza kukubebea mbili, vichwa vyake vikiwa vimezibwa kwa tepu.

Sasa mizani, ambayo ndiyo inaua ndege nyingi kabla hazijaruka. Weka betri mahali pake, funga kifuniko. Pima upana wa bawa, ukingo wa mbele hadi wa nyuma, pale linapokutana na kiwiliwili. Tuseme ni milimita 180. Pima theluthi moja kutoka ukingo wa mbele, yaani milimita 60, tia alama ya kalamu chini ya kila bawa. Iinue kwa ncha za vidole viwili kwenye alama hizo. Ikae sawa, au pua iiname kidogo tu. Mkia ukishuka, sogeza betri mbele. Ikigoma, gundisha chubwi ya kuvulia samaki puani, gramu 10 kwa wakati mmoja. Yenye pua nzito huruka vibaya lakini huruka. Yenye mkia mzito hairudi nyumbani.

Simama nyuma yake uwashe. Stiki kulia, usukani wa mkia uende kulia. Stiki nyuma, elevata iinuke. Fanya hivyo kila asubuhi, hata kama jana ilikuwa sawa.

Mrusho wa kwanza ni bila mota, juu ya majani marefu, ukiukabili upepo. Shika chini ya mabawa, mabawa sawa, pua ikielekea chini kidogo, kisha isukume mbele kama mkuki. Usiirushe juu kama tiara. Inatakiwa iteleze mita 15 hadi 20 na kutua kwa tumbo. Ikiinuka, ikasimama, ikadondoka, ongeza uzito mbele. Ikichimba moja kwa moja, rudisha betri nyuma milimita 5. Rudia mara kumi. Inachosha, najua, na hakuna wa kuipigia makofi.

Baada ya hapo mota kamili, mrusho uleule, na usiguse kona mpaka imefika mita 30. Panda kwa sekunde 25, zima mota, elea. Kila kupanda kunakula kama mAh 140, hivyo betri ile inatoa mara 12 ukibakiza asilimia 20. Muda wote ndege iwe upande wa goshini, huko upepo unakotoka, ili ukipotea irudishwe kwako. Ikija kukuelekea, kulia na kushoto vinageuka: sukuma stiki upande wa bawa lililoinama, kama unaliwekea nguzo.

Kuelea kwa kweli huja kati ya saa tatu na nusu na saa tano, ardhi ikishapata moto na upepo wa bahari haujafika. Hewa inayotoka baharini ni ya baridi na nzito, haipandi. Ndiyo sababu nyingine ya kuukimbia ufukwe. Ndani huku, juu ya udongo mtupu na mapaa ya bati, hewa moto inachomoka. Mtazame mwewe anayezunguka bila kupiga bawa, nenda chini yake. Ukiona bawa moja la glaida limeinuliwa bila wewe kugusa kitu, hewa inayopanda iko upande huo. Geukia hukohuko, zunguka polepole na usivute stiki kwa pupa. Ukishindwa kutambua bawa lipi limeinama, umepanda mno: sukuma pua chini kidogo, toka nje ya duara, uirudishe goshini.