Daftari la safu mbili

Nilipoingia kidato cha kwanza, nikitoka shule ya msingi ambako masomo karibu yote yalikuwa kwa Kiswahili, nilinunua kaunta buku nikaipiga mstari katikati ya kila ukurasa. Kushoto Kiingereza, kulia Kiswahili, maneno kumi kwa siku. Muhula ulipokwisha nilikuwa na mamia ya maneno. Kisha siku moja homa ikanishika, nikanyoosha mkono kuomba ruhusa: "Teacher, I am hearing cold." Darasa likaangua kicheko, ingawa naapa nusu yao wangesema vilevile.

Daftari halikunidanganya. "Hear" ni kusikia, ndivyo nilivyoandika. Ila sisi tunasikia baridi, tunasikia njaa, tunasikia harufu, na Mwingereza neno lake hilo ni la masikio tu. Harufu ana kitenzi chake, baridi ana kingine. Ni ugonjwa uleule wa "borrow me your pen": kwetu kuazima ni kutoa na kupokea pia, kwake ni maneno mawili, na ukiyachanganya hujui nani mwenye kalamu.

Ndiyo maana siku hizi nikiona mtu anakariri orodha za neno kwa neno, roho inaniuma. Neno halitembei peke yake. Chukua "piga". Tunapiga pasi, simu, picha, deki, mswaki, kura, chafya, miayo, magoti. Katika safu mbili utaandika "hit" na kusonga mbele, na hutaipata hata moja kati ya hizo. Kwa pasi kuna "iron", kwa deki "mop", kwa chafya "sneeze", na picha, ajabu ya Mungu, Mwingereza anaichukua: "take".

Na hapa ndipo shule zetu zinaponikera. Mwanafunzi wa kidato cha pili atakuandikia "photosynthesis" bila kukosea herufi, halafu uji ukifurika jikoni hana neno. Tunapenda maneno mazito, yanampa mtu heshima kwenye mdahalo. Lakini Michael West, Mwingereza aliyefundisha Bengal, katika India ya wakati wa ukoloni, alichapisha mwaka 1953 orodha ya maneno takriban 2,000 ya kumfaa anayejifunza, na maneno hayo machache hubeba takriban asilimia 80 ya maandishi ya kawaida. Ni vijineno kama "get", "keep" na "put", ambavyo tunavidharau kwa kuwa tunadhani tunavijua. Haya, "put off" ni nini? "Put up with"?

Waangalie vijana wa vibanda umiza, vile vya kuonyeshea mpira. Hakuna aliyewapa orodha, lakini muulize yeyote maana ya "clean sheet", hatakuambia shuka safi. Amelisikia kila wikiendi, golikipa akiwa hajafungwa, mpaka likamwingia pamoja na wenzake. Kiingereza chake kingine kinaweza kuwa kibovu, sikatai, lakini hilo neno ni lake.

Mpwa wangu ameanza kidato cha kwanza mwaka huu. Nilimwambia asipige mstari katikati. Aandike sentensi nzima aliyoisikia au kuisoma mahali, na chini yake aandike ambavyo yeye angesema nyumbani, hata kama maneno hayalingani. Matano kwa siku yanatosha. Kumi ni sifa tu. Mwanzoni alinung'unika kwamba wenzake wana maneno mengi kuliko yeye. Sasa ana ukurasa mzima wa "piga", na juzi alinitumia ujumbe usiku: "Mjomba, kupiga soga ni nini?" Nikamjibu "chat". Kimya kidogo, kisha: "Na kupiga chabo?"

Nilizima simu nikalala.