Ekzosi ya Hilux: kupanua, kukarabati au kuiacha ilivyo

Mabishano ya ekzosi ya pikapu hayaishi kwa sababu wanaobishana wanaendesha injini tofauti. Mwenye Hilux ya dizeli yenye turbo anaapa kwamba tangu afunge bomba la inchi 3 gari limekuwa jepesi. Mwenye Hilux ya petroli ya 2.7 kafunga bomba lilelile, kwa fundi yuleyule, na sasa kila kilima lazima arudishe gia. Wote wawili wanasema kweli.

Tuanze na turbo, maana huko ndiko hoja ya kubadilisha ina uzito. Injini kama 1KD ya 3.0 iliyokuwa kwenye Hilux Vigo, au 1GD ya 2.8 iliyokuja baadaye kwenye Hilux Revo, inazungusha turbo, yaani feni inayoisukumia injini hewa, kwa moshi wake yenyewe. Nguvu ya kuizungusha inatokana na tofauti ya presha: kubwa kabla ya turbo, ndogo baada yake. Chochote kinachobana moshi ukishatoka kwenye turbo kinaila hiyo tofauti, iwe bomba jembamba, kona iliyobonyea au sailensa iliyooza ndani. Ukipanua njia, turbo inaamka mapema na joto la moshi linashuka kidogo unapopanda mlima Kitonga kule Iringa na mzigo kamili. Kwa gari la kazi, kushuka kwa joto hilo kuna maana kuliko farasi wawili watatu wa kwenye karatasi.

Ila wauzaji wakifika hapa wananyamaza mapema. Turbo za injini hizi zina mapanga yanayosogezwa na kompyuta ya gari, na kompyuta ina kiwango cha presha ya hewa inachokitafuta. Hata ukiipa njia pana kama mlango wa ghala, itasogeza mapanga mpaka ipate kiwango kilekile, na dizeli itakayopulizwa ni ile iliyopangwa kiwandani. Bila kupanga upya programu ya injini, unachopata ni turbo kuwahi kidogo, na juu yake mlio. Masikio nayo yana tabia ya kuongeza spidi.

Kwa injini isiyo na turbo mambo yanageuka. Hapa naziweka 2TR ya petroli, 5L ya dizeli ambayo bado imejaa vijijini, na 1HZ ya 4.2 kwenye Land Cruiser pikapu. Utasikia mafundi wakisema injini hizi "zinahitaji presha ya nyuma". Si kweli hasa. Hakuna injini inayofurahia kubanwa. Kinachohitajika ni moshi utembee kwa kasi, kwa sababu wimbi la moshi linalotoka kwenye silinda moja likienda kasi linasaidia kuvuta wa silinda inayofuata. Bomba likiwa pana mno, moshi unazubaa, na msaada huo unapotea kwenye mizunguko ya chini. Na pikapu inaishi kwenye mizunguko ya chini: mifuko 20 ya saruji nyuma, tope mbele, gia ya kwanza. Ukipata nguvu kidogo kwenye mizunguko 4,500 kwa dakika halafu ukaipoteza kwenye 1,500, umefanya biashara mbaya.

Kisha linakuja suala la masega, yaani kile kisafisha moshi cha kwenye ekzosi (catalytic converter), na hapa nitasimama kidogo. Gereji nyingi zinakupa ushauri mmoja kwa kila gari lisilovuta: toa masega, weka bomba tupu. Wakati mwingine wako sahihi. Masega yaliyoyeyuka au kuziba yanaweza kulilaza gari kabisa, na kwa injini ya petroli jambo hilo linapimika: inafunguliwa sensa ya oksijeni iliyo kabla ya masega, inafungwa geji kwenye tundu lake, injini inapandishwa hadi mizunguko 2,500. Ikisoma zaidi ya psi 3 hivi, kuna kizuizi. Zoezi hilo halimalizi nusu saa. Fundi anayekuambia masega yameziba bila kupima chochote, muulize kwanza yakishatoka yatabaki kwa nani. Ndani yake kuna platinamu, paladiamu na rodiamu, na wanunuzi wake wanapita gereji hadi gereji. Si kila fundi ana nia hiyo, lakini ushauri unaomwachia mshauri mali ya kuuza unastahili kuchunguzwa mara mbili.

Ukiyatoa kwenye gari la petroli, sensa ya nyuma inagundua na taa ya injini inawaka. Mtu anazoea kuiona inawaka, na siku inapowaka kwa sababu nyingine ya hatari hana namna ya kujua. Moshi nao unabaki na monoksaidi ya kaboni nyingi zaidi, ambayo haina rangi wala harufu.

Kwenye dizeli, watetezi wa kutoa wana hoja nzito zaidi. Pikapu zilizotumika Uingereza zinakuja na chujio la masizi, lile mafundi wanaloliita DPF. Chujio hili linajisafisha kwa kuchoma masizi kwenye joto la nyuzi 600 hivi, na joto hilo linataka safari ndefu ya mwendo usiokatika. Gari linaloshinda kwenye foleni ya barabara ya Mandela jijini Dar au Mombasa Road jijini Nairobi halilipati. Chujio jipya ni ghali mno. Namwelewa kabisa anayelikata. Lakini dizeli chafu si kisingizio kizuri kama ilivyokuwa, kwani mwaka 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilihamia kiwango cha salfa kisichozidi sehemu 50 kwa milioni. Mara nyingi chujio linaziba kwa sababu nozeli zinazopuliza dizeli zinavuja, au mwenye gari anaweka oili ya kawaida badala ya ile yenye majivu kidogo. Ukikata chujio, nozeli bado inavuja. Na usipobadilisha programu, gari linajifunga na kugoma kuzidi mwendo wa kujikokota.

Kitu ambacho hakizungumzwi vya kutosha ni njia ambayo bomba linapita. Ingia chini ya Hilux utazame: tairi la akiba linaning'inia nyuma, chini ya bodi, na kiwanda kimelipitisha bomba pembeni yake kwa nafasi finyu. Bomba nene lililopindishwa bila hesabu linaligusa au kulichoma tairi hilo. Wapo wanaokwepa tabu kwa kulikata bomba fupi, likaishia kabla ya ekseli ya nyuma. Moshi unatokea chini ya bodi, na kwetu bodini wanapanda watu. Ukienda porini kwenye nyasi ndefu zilizokauka, bomba la moto lililoshushwa chini linaweza kuwasha moto ukiwa umesimama tu.

Na kazi yenyewe ya kuchomelea. Injini inatikisika juu ya raba zake, ndiyo maana kiwanda kinaweka kile kipande cha fleksi, bomba fupi linalonepa. Fundi akikiruka na kuunganisha bomba moja kwa moja, mtikisiko wote unakwenda kwenye manifoldi, yaani mabomba yanayopokea moshi kwenye injini, na manifoldi inapasuka. Kona zilizounganishwa kwa vipande vya pembe au kukunjwa mpaka zikabonyea zinabana kuliko bomba la zamani, hata kama muuzaji anakuapia ni inchi 3. Wengine wanatumia bomba la maji la mabati. Likichomelewa linatoa mvuke wa zinki unaomuumiza fundi mwenyewe. Kwa mtu wa Tanga, Mombasa au Dar, chuma cheupe (stainless) kina thamani yake, kwani chumvi ya bahari inakula nje na maji yanayotuama kwenye sailensa yanakula ndani. Watu wanapima kwa sumaku, na ikinasa wanaondoka wakiwa na hasira. Aina ya 304 kwa kawaida hainasi, ila 409, ambayo ni chuma cheupe halali na ya bei nafuu, inanasa.

Mlio ni starehe ya mtu, siwezi kumpangia. Lakini kwenye dabo kabini kuna mvumo unaotokea pale mwendo wa safari unapogongana na mlio wa bomba, na safari nzima ya Nairobi hadi Mombasa na mvumo huo ni adhabu. Kenya pia ina kanuni za kelele za mwaka 2009 chini ya sheria ya mazingira.

Kwa dizeli ya turbo inayobeba mizigo, ningeweka inchi 2.5 au 3 kuanzia nyuma ya masega, sailensa ya bomba lililonyooka ndani, na mdomo utokee nyuma kabisa ya bodi. Kwa petroli na dizeli zisizo na turbo, ningebaki na kipenyo cha kiwandani na kutumia pesa kwenye chuma bora. Lakini kabla ya yote ningefungua chujio la hewa, nipime nozeli, na niinue magurudumu kuona kama breki zinang'ang'ania bila kukanyagwa. Ekzosi ya zamani ikitoka, ipakie bodini uende nayo nyumbani; siku ya kuuza gari kuna mteja atakayeiulizia.