Nyambizi Iliyonipigia Simu

Nianze na tangi, maana bila ya tangi hakuna kisa. Kwetu Wete, kisiwani Pemba, mfereji hutoa maji saa unazotaka wenyewe, na mara nyingi hutaka saa nane za usiku. Mke wangu alikuwa keshachoka kukesha na ndoo. Nikatuma pesa Tanga, likanunuliwa tangi jeusi la lita 2,000 pamoja na vipande vya bomba, likapakiwa kwenye jahazi. Nikaambiwa litafika Alhamisi. Alhamisi ikapita, Ijumaa nayo ikapita. "Kusi limekaza," nilimjibu mke wangu kila alipouliza, kwa sauti ya mtu anayelijua kusi, ingawa kazi yangu ni kusomesha skuli.

Siku hizo mbili za kungojea, badala ya kumtafuta nahodha, nilikuwa nikisoma habari za nyambizi kwenye simu. Nilianza kwa kutafuta bei ya koki ya tangi. Vipi nikafika kwenye manowari za Marekani, mimi mwenyewe sijui. Na mtu akishajua jambo jipya, hapa petu pana mahali pamoja tu pa kulipeleka: barzani, kwenye kahawa.

Nikawaeleza wazee kwamba nyambizi kubwa za Marekani, zile za aina ya Ohio, zina urefu wa mita 170 na ndani yake wanakaa watu zaidi ya 150. Kwamba hazirudi bandarini kwa kuishiwa mafuta, maana zinakwenda kwa nyuklia. Kinachozirudisha ni chakula. Hewa ya kuvuta wanaitoa katika maji kwa kuyapasua kwa umeme, na maji ya kunywa wanayatoa katika bahari hiyo hiyo, yakaondoka chumvi yote.

Sauti ikatoka dirishani nyuma yangu. "Wao wako chini ya bahari, maji matamu wanayo. Mie niko nchi kavu na ndoo tatu."

Barza nzima ikacheka. Mimi nikaendelea, nikaingia kwenye sehemu niliyoipenda zaidi, ya kurudi nyumbani. Wameshakaa chini kwa miezi, hawajaona jua. Siku ya kurudi, wake na watoto wanajipanga gatini, bendi inapigwa, na wenzetu Marekani wana bahati nasibu: atakayeshinda ndiye anayetangulia kushuka, akambusu mkewe mbele ya kadamnasi.

"Astaghfirullah!" Huyo sasa alikuwa mama mkwe wangu, naye kumbe alikuwapo dirishani. "Na wasioshinda?"

"Wanangoja zamu, mama."

"Kama sisi mferejini," akasema mke wangu.

Jumamosi asubuhi nikashuka bandarini. Jahazi lilikuwa limeshatia nanga tangu alfajiri, lakini nahodha haonekani, na mabaharia wake kila nikiwauliza tangi wanatazama kwengine. Mmoja akaanza kukunja kamba iliyokwisha kukunjwa. Mtu mwenye akili angelishika hapo hapo. Mimi nilikuwa natazama bahari, upande wa kisiwa cha Fundo, kwa sababu nilikuwa nimeona kitu.

Ulikuwa mgongo mweusi, mpana, umelala usawa wa maji. Juu yake kumesimama kitu chembamba kama mkono wa mtu anayeomba ruhusa darasani. Kikazama kidogo, kikazuka, kikageuka. Wallahi kiligeuka upande wangu.

"Nyambizi!" nikapiga ukelele.

Dakika tano, gati limejaa. Mzee mmoja mvuvi akasema huyo ni nyangumi, msimu huu wa kusi huwa wanapita. Nikamwuliza kwa adabu, nyangumi ana periskopu, lile bomba la nyambizi la kuchungulia juu ya maji? Akanyamaza, kwa kuwa hakulijua neno, na mimi nikalihesabu hilo kuwa ushindi. Nikaeleza kwamba mkondo ulio baina ya Pemba na bara unafika kina cha kiasi cha mita 800, basi nyambizi ikitaka kujificha humo nani ataiona? Mzee mwengine akanisaidia, Mungu amsamehe: "Manowari haipigi hodi, yakhe. Unguja, tarehe 20 Septemba 1914, Königsberg ya Wajerumani ilitokea alfajiri, ikaikuta Pegasus ya Waingereza imetia nanga inatengenezwa mashine. Ikaizamisha pale pale. Makaburi ya mabaharia wake yako kisiwani Chapwani." Akina mama wawili wakakamata watoto wao, wakapanda nao mjini mbio mbio.

Sheha, mkuu wa serikali mtaani petu, akafika na daftari. "Ya nchi gani?"

Nikaazima darubini. Mkono ulikuwa unatetemeka, lakini niliona maandishi meupe ubavuni. "Ina namba, Bwana Sheha! Manowari huandikwa namba."

"Nisomee."

"Sifuri... saba... saba..." Wimbi likaja likaifunika. Sheha akaandika sifuri saba saba kwa mwandiko mzuri, akapiga mstari chini.

Vijana wawili wa ngarawa walikuwa wameshatanga kuelekea huko. Nikawapigia kelele warudi, wasije wakavutwa chini. Hawakunisikia, au walinisikia. Na katikati ya kelele zangu simu ikaita, namba nisiyoijua. Nikaikata. Ikaita tena. Nikaikata tena, nikamwambia Sheha, "Watu hawana haya, mtu yuko kwenye jambo la nchi." Ikaita mara ya tatu.

"Ipokee," akasema Sheha. "Pengine ndio wao."

Neno hilo likaniingia. Nikaiweka spika ili watu wote washuhudie, nikaikohoa sauti.

"Assalaam alaykum," ikasema simu, na upepo mwingi nyuma yake. "Wewe ndiye mwenye tangi?"

Sijapata kusikia gati la Wete likinyamaza namna ile. Namba yangu niliagiza mwenyewe iandikwe kwa rangi nyeupe, kubwa, ili mzigo usipotee. Mke wangu, ambaye sikujua amefika saa ngapi, akanyoosha mkono, akaichukua simu. "Waalaykum salaam, mwanangu. Ndiye. Lileteni."

Hapo mabaharia wa jahazi wakapata ulimi. Kamba ilikatika karibu na mlango wa Fundo, usiku, kifuniko hakikukazwa, tangi likanywa maji nusu. Ile periskopu ilikuwa bomba langu la inchi moja, limefunguka upande mmoja.

Kulivuta kulichukua saa nzima. Vijana walikuwa wamefunga fulana nyekundu kwenye bomba, inapepea. Nilikuwa nimesoma kwamba nyambizi za Uingereza zikirudi na ushindi hupandisha bendera ya fuvu, na aliyeanza ni Max Horton wa nyambizi E9, baada ya kuizamisha manowari Hela ya Wajerumani tarehe 13 Septemba 1914, wiki moja tu kabla ya Pegasus. Nilikuwa nimeiwekea barza ya jioni. Sikumwambia mtu.

Akina mama wakapiga vigelegele, mtu akapata dumu tupu akalifanya ngoma. Vijana wakataka elfu thelathini za kuvuta, na elfu tano kwa kila simu niliyoikata. Nahodha naye akatokea, sijui wapi, akanipiga bega: "Si nilikwambia litafika?" Sheha aliniuliza kama afute alichoandika, kabla sijajibu akasema hapana, kumbukumbu ni kumbukumbu.

"Haya mkwe," akasema mama mkwe, ameshika kiuno. "Bahati nasibu imekuangukia wewe. Libusu."

Nikainama kufungua kifuniko, ili angalau nionekane nina kazi. Nikatia mkono. Aliyetangulia kushuka alikuwa kaa, mkubwa, mwenye hasira za safari, na alishuka akiwa amekibana kidole changu cha shahada.